Maji Tohara Yenye Dhara Ndani Yake

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji yakawa uhai wa viumbe na tohara ya waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya haya. Hapana mtoto aliyekaa chuoni akasoma vitabu vya mwanzo vya madhehebu ya Imamu Shafii illa mlango alioanza nao ni mlango wa maji. Alifundishwa ya kwamba maji yakifika kulateni, ambayo kwa vipimo vya leo ni kiasi cha lita 200 na kitu, hayawi najisi kwa kuangukiwa na najisi, ila yakigeuka rangi yake, au ladha yake, au harufu yake. Akaonyeshwa birika la msikiti, akaambiwa: haya ni mengi. Akaonyeshwa ndoo, akaambiwa: haya ni machache, jihadhari nayo. Mafundisho haya ni ya haki, na watu wamesali kwayo karne baada ya karne. Walakini imezuka katika zama hizi masala ambayo mtu akiitazama kwa mlango huo peke yake ataiona haina uzito, nayo uzito wake ni mkubwa. Masala yenyewe ni hii: maji yaliyosalimika katika rangi na ladha na harufu, je, yamesalimika kweli? Na mtu aliyetia ndani yake kitu kisichogeuza hata sifa moja katika hizo tatu, je, amesalimika na dhambi?

Ili maneno yasibaki hewani, na yatazamwe mahali penyewe. Kaskazini ya Tanzania Bara upo mkoa wa Mara, na mkoa huo umeitwa kwa jina la mto. Mto Mara watoka katika misitu ya Mau katika nchi ya Kenya, wakata mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na baada ya mwendo wa kilomita 395 hivi waingia katika Ziwa Victoria karibu na mji wa Musoma. Kabla ya kufika ziwani watanda ukawa bwawa kubwa la mafunjo, kisha wapita chini ya daraja la Kirumi, katika njia itokayo Musoma kwenda Tarime. Ng'ombe wengi hulishwa kandokando ya bwawa hilo. Na maji ya ziwa hilo ndiyo yanywewayo Musoma na Bunda, na ndiyo yapandishwayo kwa mabomba kutoka Mugango kupita Kiabakari hata Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere. Waislamu wa miji hiyo hutawadha kwa maji hayo, na wavuvi wake huosha samaki kwayo. Mtu wa Tanga au wa Bagamoyo asiseme kwamba huko ni bara ya mbali, kwani dagaa waanikwao katika ukingo wa ziwa hilo hufika masoko ya pwani magunia kwa magunia. Na tena mto wa namna hii hata pwani upo, wapita katikati ya mji.

Basi katika mwezi wa Machi mwaka 2022 maji ya mto huo pale Kirumi yaligeuka yakawa meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Watu wakakatazwa kuyatumia. Serikali ikaunda kamati, mkuu wake akiwa Profesa Samwel Manyele, nayo ikachunguza ikasema ya kwamba sababu ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vikaimaliza hewa iliyomo majini. Wengi hawakuridhika. Wengine walicheka, na wengine waliunyoshea kidole mgodi wa dhahabu ulio upande wa juu. Kuhukumu kati yao si kazi ya kurasa hizi, kwani dai lataka ushahidi, na kicheko si ushahidi. Lakini kufa kwa samaki katika mto ule si jambo geni: mwaka 2018 wataalamu walitoa uchunguzi wao ya kwamba viboko 4,000 na zaidi walio upande wa Kenya hujaza vidimbwi kwa mavi yao wakati wa kiangazi, na mvua kubwa ikija ikayasukuma, hewa huisha majini, na samaki hufa.

Mwanafunzi wa fikihi atapenda kusimama hapa kidogo, na haki yake asimame. Katika madhehebu ya Imamu Maliki mkojo wa mnyama aliwaye nyama ni tohara; ama katika madhehebu ya Imamu Shafii mkojo wa ng'ombe ni najisi kama mkojo mwingine. Basi kama maji yale yaligeuka kwa mkojo, yalikuwa najisi mahali pale yalipogeuka, ijapokuwa ni mto mkubwa, hata mageuko yaondoke. Na kama yaligeuka kwa mafunjo na majani yaliyoanguka yenyewe yakaoza, yalibaki tohara, kwani hilo ni gumu kuepukika na sharia imelisamehe. Na mtu akiwa na shaka ni lipi kati ya mawili, asili ya maji ni tohara. Masala hii ni nzuri, yafaa kusomeshwa.

Walakini lililo kubwa zaidi ni hili. Katika siku zile watu wote walisimama, mvuvi na mfugaji na mkuu wa wilaya, kwa sababu jicho lilishuhudia na pua ikashuhudia. Weusi ulipoondoka na harufu ilipoondoka, kila mtu alirudi katika shughuli yake, akaona mambo yamekwisha. Ama jambo linalokusudiwa hapa halina weusi wala harufu, wala halimwui samaki.

Ng'ombe akiugua hudungwa sindano ya oksitetrasaiklini. Mara nyingi adungaye ni mwenye ng'ombe mwenyewe, bila mganga wa mifugo, na kipimo chake ni cha kukisia. Dawa hii, na nyingi katika jamaa yake ziitwazo antibiotiki, yaani dawa za kuua vijidudu vya maradhi, haiyeyuki yote mwilini. Sehemu kubwa hutoka katika mkojo na katika mavi ingali ni dawa. Na ya binadamu ni hivyo hivyo: mtu amezapo vidonge vya rangi mbili kwa kikohozi kilichokuwa kitakwisha chenyewe, sehemu kubwa ya vidonge hivyo yaenda chooni, na choo cha shimo kilichochimbwa karibu na maji hakizuii. Hapo ndipo ilipo tofauti ya ng'ombe na kiboko. Mavi ya kiboko ni mengi, lakini kiboko hapewi dawa na mtu.

Dawa hiyo ikifika mtoni huwa chache mno. Haitoshi kuua vijidudu vyote vilivyomo. Hapa ndipo penye hatari, na ndipo wengi wanapoghalatika, kwa kudhani ya kwamba uchache ni usalama. Dawa chache huua vijidudu vilivyo dhaifu, huviacha vilivyo na nguvu, na vile vilivyobaki huzaana mahali pa vile vilivyokufa, mpaka kizazi chote kiwe cha wenye nguvu. Fauka ya hayo, kijidudu kimoja chaweza kumpa mwenziwe ile siri ya kushindana na dawa, hata mwenziwe akiwa wa jinsi nyingine, kama mtu ampavyo jirani nakala ya ufunguo. Na oksitetrasaiklini hushikamana na tope la chini ya maji, ikakaa. Mto wa mji, upokeao uchafu wa nyumba na wa hospitali na wa machinjio kwa pamoja, huwa kama chuo ambacho vijidudu vya kila kabila hukutana na kufunzana.

Haya hayakuzuka jana. Alexander Fleming, Mskoti aliyeivumbua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimama akawahadharisha watu ya kwamba mwenye kuitumia dawa hiyo kidogo kidogo, pasipo kutimiza kipimo, atavizoeza vijidudu mpaka visife tena. Aliyasema hayo wakati dawa yenyewe ni ngeni duniani. Hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha ya kwamba katika mwaka 2019 watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya maradhi ya vijidudu visivyosikia dawa, na Afrika iliyo kusini ya Sahara ndiyo iliyopata sehemu nzito kuliko zote.

Na mtu akisema kwamba hayo ni ya Ulaya na ya Bara Hindi, na ajibiwe kwa yaliyo karibu. Katika maji ya mto Nairobi wachunguzi wamepata dawa mbili zinazochanganywa kufanya kidonge ambacho watu hukiita septrini, na wakapata pamoja nazo dawa za wenye ukimwi. Walichunguza pia Kisumu, na Kisumu i juu ya ziwa lile lile. Na Mwanza, uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulipata katika matumbo ya samaki na katika mazingira ya ufuko wa ziwa vijidudu visivyokufa kwa dawa za jamaa ya seftriaksoni, nayo ni sindano ambayo hospitali huitegemea kwa ugonjwa mkali. Musoma yakaa katikati ya Kisumu na Mwanza, na maji hayajui mpaka. Hapa lazima neno la insafu lisemwe, watu wasije wakatupa chakula chao: moto wa jiko huviua vijidudu hivyo sawasawa na vingine. Hatari ipo katika kisu na mkono wa mwenye kupasua samaki, na katika kikombe cha maji yasiyochemshwa.

Sasa na irudiwe masala. Mtu wa kwanza asema: Maji ya ziwa ni mengi kuliko kulateni mara zisizohesabika, hayakugeuka, kwa hiyo ni tohara, basi hapana neno. Jawabu lake ni kwamba maneno yake ya mwanzo ni sawa, na neno lake la mwisho halikutokana nayo. Tohara ni hukumu ya kufaa kwa ibada; dhara ni hukumu nyingine, na kila moja ina mlango wake. Sumu iliyotokana na jani ni tohara, wala hapana mwanachuoni aliyehalalisha kumnywesha mtu. Na aliye wazi zaidi katika jambo hili ni Imamu Shafii mwenyewe, katika masala ya maji yaliyopashwa moto na jua. Alisema katika Al-Umm ya kwamba yeye hayakarahi maji hayo ila kwa upande wa tiba, maana ilisemwa kuwa huleta mbalanga. Na Imamu Nawawi alipokuja baadaye aliona karaha hiyo haikuthibiti, kwa kuwa hadithi yake ni dhaifu na waganga hawakuwa na jambo la hakika juu yake. Wawili hawa wamehitalifiana katika hukumu, lakini na itazamwe walivyokubaliana katika njia: wote wawili wameyakiri maji kuwa ni tohara, kisha wakauliza, mganga asemaje? Huyu alipokea neno la waganga, na yule alilitafuta asilione. Basi ikiwa leo waganga wana hakika, tena hakika iliyopimwa na kuandikwa katika nchi nyingi, mwenye kufunga mlango na kusema rangi haijageuka hakufuata mmoja katika wawili hao.

Mtu wa pili ana hoja yenye nguvu zaidi, na wengi waishio kwa hoja hii hawajui kuwa ni hoja. Husema: Ng'ombe wangu ni kumi. Katika maelfu ya ng'ombe wanywao katika bwawa lile, mkojo wa kumi wangu ni nini? Nikiacha mimi, mto hautasafika; nikitia mimi, mto hautaharibika kwa ajili yangu. Na muuza duka naye husema: Nisipomwuzia mimi vidonge vinne bila cheti, atavinunua duka la pili. Na mganga mkuu asema hospitali yake ni moja tu katika mji mzima.

Hoja hii haina budi kupimwa kwa insafu, kwani ndani yake mna kweli. Ni kweli ya kwamba sehemu ya mmoja haionekani. Ni kweli pia kwamba kadhi hawezi kumtoza fidia, kwa sababu fidia yataka ijulikane ni nani aliyeharibu na ni nini alichokiharibu, na hapa hapana awezaye kulifuata tone moja la dawa kutoka zizi la fulani mpaka kidonda cha fulani. Lakini kukosekana kwa dai mbele ya kadhi si kukosekana kwa hisabu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kila mwenye kusoma ajua kutofautisha haya mawili. Ama uchache wa sehemu, Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama. Wanavyuoni walipoitafuta hekima ya katazo hilo, katika waliyoyataja ni kwamba mkojo wa mtu mmoja huenda usiligeuze bwawa, lakini watu wakifuatana, huyu leo na yule kesho, mwisho wake bwawa litaharibika. Maana yake ni kwamba katazo limemshika yule mmoja kwa ajili ya wale wote, na halikumngoja awe wa mwisho, yule ambaye maji yamegeuka mkononi mwake. Kama lingemngoja huyo, wote waliotangulia wangekuwa hawana hatia, naye peke yake angebeba mzigo wa watu elfu, na hili halikubaliki katika akili wala katika sharia.

Na hadithi ya watu wa jahazi, iliyo katika Bukhari kwa mapokezi ya Nuuman bin Bashir, wasomaji wa pwani waielewa kuliko watu wengine, kwani wengi wao wamelala juu ya bahari. Wale wa chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe, ili wasiwaudhi wa juu kwa kupita kuteka maji. Nia yao haikuwa mbaya, na mahali walipotaka kutoboa palikuwa pao. Nahodha yeyote ajua ya kwamba chombo hakizami kwa tundu moja tu. Huzama pia kwa ubao ulioachwa bila kalafati mwaka huu na mwingine mwaka ujao, kila mmoja ukipitisha maji kidogo ambayo mtu ayafua kwa kata na kusema si kitu.

Yabaki jambo la mnyonge, na hili yataka mwenye kuandika fatwa awe na huruma kabla ya kuwa na wino. Yuko mama Bunda, mtoto wake ana homa, mkononi ana fedha za vidonge vinne, na mganga ameandika ishirini na moja. Akinunua vinne, je, ametenda dhambi? Haifai kumtwisha dhambi huyo. Amefanya aliyoyaweza, na Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Dhambi, kama ipo, ipo kwa jirani aliyekuwa na bei ya vile kumi na saba akalala, na kwa muuzaji ambaye hakumwambia kwamba vinne haviponyi. Lakini mtu mwenye uwezo, aliyeandikiwa siku saba, akaona nafuu siku ya tatu akaacha, kisha akavitupa vilivyobaki katika mfereji wa mtaa, huyo hana udhuru wa mama yule. Na mwenye ng'ombe mia mbili, awezaye kumlipa mganga wa mifugo naye hataki, asijifananishe na mwenye mbuzi watatu.

Wala mtu asichukue katika maneno haya hoja ya kuacha dawa. Mtume ameamrisha watu wajitibu, na penisilini imewatoa kaburini watu wasiohesabika. Kwa sababu ni neema, ndiyo maana kuiharibu ni dhuluma: mwenye kuvizoeza vijidudu leo amemnyang'anya dawa mtoto ambaye hajazaliwa, na mtoto huyo hana wakili wa kumsemea barazani.

Zimebaki masala ndogo za matendo. Dawa zilizobaki nyumbani zisitiwe chooni wala mferejini; zirudishwe duka la dawa au hospitali. Ng'ombe aliye katika siku za dawa asipelekwe kunywa katika mto wenyewe, bali anyweshwe katika birika la kunyweshea lililo mbali na ukingo, na maziwa yake yasiuzwe hata siku zilizotajwa katika chupa ziishe. Mwenye kuyauza kabla yake ameficha aibu ya bidhaa, na hukumu ya kuficha aibu ya bidhaa yajulikana. Samadi ya zizi na irundikwe ikae, ijipashe moto yenyewe wiki nyingi, ndipo ipelekwe shambani, kwani katika kukaa huko sehemu ya dawa huvunjika. Na wakuu wa miji, ambao mikononi mwao mna fedha za mifereji na mabwawa ya majitaka, sehemu yao katika tundu la jahazi ni kubwa kuliko ya mwenye ng'ombe kumi, kwa kadiri ya ukubwa wa mkono.

Ama mtu wa Musoma aulizaye kama udhu wake kwa maji ya ziwa ni sahihi: ni sahihi, wala hana haja ya kurudia sala hata moja, na atakayemtia wasiwasi katika hilo amemdhulumu. Lakini akiwa atawadha ukingoni, karibu na mahali mfereji wa mji unapomwagikia, ni karaha kwake kwa upande wa tiba, kwa kukisi maji ya jua kwa kauli ya Imamu, na karaha hiyo ni nzito zaidi katika kusukutua na kupandisha maji puani, na kwa mwenye kidonda. Na asogee mbele hatua chache, au achukue maji ya bomba.